Nairobi Hadi Kericho kwa Ndege: Ni Dakika Ngapi, na Kweli Unaokoa Time?

Kila Desemba wasee wa Kericho na Bomet wakianza kupanga kurudi ocha, swali ni lile lile: kwani siwezi panda ndege tu? Unaweza, lakini ngoja tupige hesabu kwanza.

Kwa barabara, kutoka Kanairo kupitia Nakuru hadi Kericho ni kama kilomita 260. Ndege hukata moja kwa moja juu ya Bonde la Ufa, na kutoka Wilson mstari huo ni kilomita 200 hivi. Bomet ni kama 175. Kandege ka propela kanachokimbia kilomita 300 kwa saa kangefika Kericho kwa dakika 40, ongeza chache za kupaa na kutua.

Halafu usipime kwa macho kwenye ramani ya dunia. Huku kwetu karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kule Tromsø, Norwei, ni kama 39 tu, juu hiyo mistari hukaribiana ikielekea ncha ya kaskazini. Ndio maana viwanja vya kule huonekana mbali kwa ramani na kumbe ni majirani.

Sasa shida. Kericho iko na kiwanja kidogo, Kerenga, katikati ya majani chai, lakini hicho ni cha ndege za kukodi zaidi. Msee wa kawaida anashukia Kisumu. JKIA hadi Kisumu ni kilomita 280, hewani kama dakika 45. Tamu, sindio? Lakini ulifika JKIA saa moja na zaidi mapema, na ukishuka bado kuna mat ya kilomita 80 hivi kupitia Ahero, Awasi na Kapsoit, ukipanda mlima. Jumla inakaribia masaa manne ama matano. Mat ya Nakuru ingekufikisha karibu time hiyo hiyo, kwa doh kidogo sana. Eldoret kwa ramani inakaa karibu, lakini barabara inazunguka. Achana nayo.

Kukodi kandege pia si mchezo. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Mchana unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milimani na mvua inamwagika, saa zingine na mawe. Asubuhi ndio poa.

Watu wa huku hawajasahau Juni 10, 2008. Kipkalya Kones, waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso wa Sotik walitoka Wilson wakielekea Kericho. Cessna yao ilianguka Enoosupukia, Narok. Wote wanne waliokuwa ndani walifariki.

Barabara nayo? Juni 30, 2023, lori liliua zaidi ya watu 50 Londiani Junction. Kwa hivyo usichague kwa woga, chagua kwa hesabu. Ukitoka Nairobi, toka alfajiri na mat. Ukitoka Mombasa, hapo ndege ya kuunganisha hadi Kisumu inakuokolea usiku mzima.