Video za Programu Huria: Ziwekwe Wapi?

Blender ni programu ya kompyuta ya kutengenezea picha na filamu za katuni. Mwaka 2002 wapenzi wake walichanga Euro 100,000 kwa muda wa majuma saba, ili msimbo wake uwe wazi kwa kila atakaye kuusoma na kuurekebisha. Taasisi inayoisimamia, yenye makao yake Amsterdam, Uholanzi, huieneza kwa filamu na masomo ya video.

Mwezi Juni 2018, video hizo zilifungiwa ghafla katika YouTube, duniani kote. Taasisi ilieleza kuwa ilitakiwa kukubali mkataba wa matangazo ya biashara, jambo ambalo haikulitaka. Video zilifunguliwa baada ya siku chache, lakini ilikwisha dhihirika kwamba mpangaji si mwenye nyumba.

Ndipo Blender ilipoijaribu PeerTube, programu huria inayoendelezwa na chama cha Framasoft cha Ufaransa. Kwa njia hiyo kila jumuiya huhifadhi video katika kompyuta yake, na hifadhi nyingi ndogo huunganishwa pamoja. Tena, watu wanaotazama video moja kwa wakati mmoja huweza kupeana vipande vyake, na mzigo wa kompyuta kuu hupungua.

Hata hivyo, watazamaji wengi wamo YouTube, na Blender haikuihama. Jumuiya yenye fedha kidogo yaweza kufuata busara hiyo: itangaze penye watu wengi, bali akiba yake iiweke mahali ambapo funguo inazishika yenyewe.