Lindi: Watu Wachache, Ardhi Pana, na Wajibu Wetu wa Kidugu

Kila alfajiri, kivuko cha Magogoni kinaposhusha abiria kutoka Kigamboni, umati humwagika kuelekea Soko la Samaki la Feri, maofisini na Kariakoo. Sisi tunaosali katika parokia za katikati ya jiji tumezoea kubanana kiasi cha kudhani kwamba Tanzania yote iko hivi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 inatuonesha sura nyingine. Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, yaani zaidi ya watu 3,800 katika kila kilomita ya mraba. Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 katika eneo la takribani kilomita za mraba 66,000, sawa na watu 18 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Hakuna mkoa mwingine nchini ambao wakazi wake wametawanyika kiasi hicho.

Wapo wanaosema upesi kwamba kusini ni nchi tupu, au kwamba watu wake hawapendi kazi. Usemi huo hauna haki, kwa maana uchache huo una historia. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa. Katika vita hivyo, Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa karibu na Liwale. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Waliokufa kusini mwa nchi, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wengi wa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaunganishwa na Pori la Akiba la Selous. Pale tunapoona pori leo, palikuwa na makaburi ya mababu na mashimo ya vinu.

Watu wanapokuwa wachache na mbalimbali, kila huduma huwa ghali. Barabara ya kilomita nyingi huhudumia kaya chache. Zahanati moja hutegemewa na vijiji vilivyo mbali, na mama mjamzito huanza safari mapema au huchelewa. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulipofurika uliweza kuitenga kusini na nchi nyingine. Hata baada ya hapo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya, Mei 2024, ziliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na mabasi na malori yakakwama.

Hata hivyo, Lindi si mkoa maskini wa vipaji vya Mungu. Unatoa korosho na ufuta kwa wingi, unauzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Lakini mkulima aliyeishiwa kabla ya mavuno hushawishika kuuza korosho zake mapema kwa bei ya kutupwa kwa walanguzi, biashara inayojulikana kwa jina la kangomba. Gesi ya kisiwa cha Songosongo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Tunapowasha taa katika kanisa letu, sehemu ya mwanga huo ina asili yake kwa ndugu zetu wa kusini.

Na watu wao je? Jina tunalowaita wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, machinga, ni jina la kabila la mkoa huohuo wa Lindi, ambalo vijana wake walikuja jijini kutembeza bidhaa mikononi. Leo jina hilo limekuwa la kazi, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba linataja watu wenye kwao, wenye wazee wanaosubiri habari.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanatusaidia kuona kosa lililojificha katika hesabu. Mgao wa rasilimali unaotazama idadi ya vichwa peke yake utaonekana kuwa wa haki, lakini utamwacha nyuma yule anayeishi mbali. Mafao ya wengi maana yake si mafao ya walio wengi. Ni mazingira yanayomwezesha kila mtu, hata aliye mmoja katika kijiji cha mwisho, kuishi kadiri ya utu wake. Mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa hakupiga hesabu ya gharama kwa kila kichwa.

Kanisa katika nchi hii limejaribu kuishi hivyo. Wabenediktini waliojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hapa jirani na Magogoni, kati ya miaka 1897 na 1902, ndio pia waliofungua misheni za Lukuledi na Nyangao kusini. Hospitali ya Nyangao ingali inatibu wagonjwa wa mkoa wa Lindi.

Nasi tufanye nini? Kwanza, tuache kuzungumza juu ya kusini kwa dharau. Pili, Jumuiya zetu Ndogondogo ziwatafute vijana waliotoka huko, wanaouza bidhaa barabarani tunakopita tukienda Misa, tuwajue kwa majina. Tatu, barabara inapokatika au bei ya korosho inapoanguka, tusiione kuwa habari ya mbali. Watu 18 katika kilomita ya mraba ni wachache kwa takwimu. Mbele ya Mungu, kila mmoja wao ameshahesabiwa.