Picha ya Mgono Haivui Samaki

Tulikuwa ufukweni Mbamba Bay alasiri moja, wakati wavuvi wakianua dagaa na watoto wakitoka shule, kijana mmoja alipotuonyesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya mgono, ule mtego wa fito unaosukwa mithili ya kikapu kirefu, nayo ilitoka katika tovuti ya makumbusho moja ya Ulaya. Chini yake, kwa lugha ya kigeni, palikuwa na maneno machache tu yenye maana ya: mtego, Ziwa Nyasa. Jina la aliyeusuka halikuwapo, wala kijiji, wala mto, wala habari ya jinsi ulivyofika huko.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaitwa aitazame. Aliisogeza simu mbali kidogo na macho, kisha akacheka. "Wameupindua," alisema. "Mdomo wameuelekeza juu kama mtungi. Huu hutegwa mtoni, mdomo ukitazama kule maji yanakoelekea, kwa maana mbasa hupanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga." Akaendelea kutueleza jinsi baba yake alivyotega katika mto Ruhuhu, ni miti gani iliyofaa kwa fito na ni kamba gani isiyooza majini. Kwa dakika kumi alitufundisha mambo ambayo tovuti ile haina. Kijana akamwambia, "Babu, haya ungeyaandika." Mzee akamjibu, "Mwenye simu ni wewe, mjukuu wangu."

Tumekianza na kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna jambo zima tunalotaka kulizungumza leo na ndugu zetu wa mwambao na wa visiwani, na kadhalika na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni. Makumbusho ya dunia yamepata mlango mpya wa kuwafikia watu. Vitu vilivyokuwa vikitazamwa na wachache, ndani ya majumba yenye walinzi na viingilio, sasa vinapigwa picha, vinaingizwa katika mtandao, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuvitazama. Hiyo ni neema, na mwungwana haikanushi neema. Lakini hapana budi tuulize: mlango huo unafunguliwa na nani, kwa lugha ya nani, na nani anayebaki na kitu chenyewe mkononi?

Faida ya mitambo hii si ya kubishaniwa. Tarehe 2 Septemba, 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro iliteketea kwa moto, na sehemu kubwa ya hazina yake, inayokadiriwa kuwa vitu milioni 20, ikaangamia usiku mmoja. Kwa vingi katika vitu hivyo, picha ndiyo iliyobaki. Nasi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajab, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, na ambalo liliwahi kuwa makumbusho, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Ndugu zetu wa Zanzibar wanajua uchungu wa siku ile. Jiwe huanguka, karatasi huliwa na mchwa, na mkanda wa sauti huchakaa. Mwenye kuweka nakala amejihami.

Faida ya pili ni kujua mali yetu iko wapi. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakishirikiana na wasanii wa nchi yao na makumbusho mbili za Ujerumani, za Cologne na Frankfurt, walianza kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyotawanyika ughaibuni. Walipofungua onyesho lao Nairobi mwaka 2021, orodha ilikuwa na vitu zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi 30. Kabla ya hapo Mkenya wa kawaida hakuwa na mahali pamoja pa kuuliza. Baada ya hapo, anayedai anadai akiwa na orodha mkononi.

Huko Nigeria nako, mali ya ufalme wa Benin, iliyotekwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897, ilipata tovuti yake mwezi Novemba 2022. Ina vitu zaidi ya 5,000 kutoka katika taasisi 131 za nchi 20. Ila si idadi iliyotuvutia. Tovuti ile inavitaja vitu kwa majina yake ya Kiedo, lugha ya wenyewe, na imeweka humo masimulizi ya wazee kwa sauti zao. Kitu hakiitwi tena "kichwa cha shaba, Afrika ya Magharibi". Kina jina, kina kazi, kina mwenyewe.

Basi tuirudie nyumba yetu. Mkoa wetu wa Ruvuma hauna upungufu wa historia. Songea tunayo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, ambayo tangu mwaka 2010 imo chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Hapo ndipo yanapokumbukwa yale ya tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, kwa kosa la kukataa kutawaliwa. Vita ya Majimaji, iliyowaka tangu mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na mbinu ya kuchoma mashamba na maghala, iliangamiza watu ambao wanahistoria wanawakadiria kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa, na ukoo wake unaeleza kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya kizazi cha mashujaa hao, akaomba msamaha. Aliahidi kwamba juhudi za kukitafuta kichwa hicho zitafanywa, bila ya kudhamini kwamba kitapatikana. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2024, katika jumba la Humboldt Forum mjini Berlin, lilifunguliwa onyesho la historia ya Tanzania lililoandaliwa kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa letu. Hatua hizi tunazipongeza. Hata hivyo msamaha ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake.

Kwa maana makumbusho za Berlin zina maelfu ya vitu kutoka Tanzania, na vingine ni ngawira ya vita ile ile. Nyingi ya kumbukumbu zake zilizomo katika mtandao zimeandikwa kwa Kijerumani. Mjukuu wa shujaa, aliyesoma shule ya kata pale Lituhi au Liuli, ataingiaje? Ataandika neno gani ili apate ngao ya babu yake, ikiwa babu hakutajwa na kijiji kimeandikwa kwa tahajia ya askari aliyelisikia jina lake mara moja? Huku ni kukaribishwa katika nyumba yako mwenyewe kupitia dirishani.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa jambo moja ambalo hatujalisahau. Mwalimu hakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake. Aliuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Habari isiyo na mnyororo wa wapokezi ilikuwa dhaifu. Tunaitumia kanuni hiyo hiyo kwa makumbusho. Picha yenye maandishi "mtego, Ziwa Nyasa" ni habari isiyo na wapokezi. Mzee wa Mbamba Bay ndiye pete inayokosekana katika mnyororo, na pete hiyo ni ya nyama na damu. Haitangojea mradi uidhinishwe.

Tena historia ya ufuko huu hata watoto wetu wenyewe hawaisikii. Ni wangapi wanaojua kwamba tarehe 13 Agosti, 1914, pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe kubwa linalofanana na mnyama aliyelala, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo? Hilo lilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu vya Ulaya vinalisimulia kama kichekesho cha manahodha wawili waliokuwa marafiki. Wananchi waliopigiwa mizinga juu ya vichwa vyao, na waliokwenda kuwa wapagazi wa vita isiyo yao, hawamo katika kichekesho hicho.

Lipo na jambo la heshima. Katika maghala ya Berlin yalichunguzwa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki enzi za ukoloni, na mengi ya yale ya Tanzania bado hayajulikani ni ya nani. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya marehemu hao na jamaa zao walio hai huku nchini, mmojawapo akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Hapo utaalamu wa kisasa umefanya jambo jema, na tungependa uendelee kwa ajili ya Songea Mbano na wenzake. Lakini maiti ana sitara yake. Si halali fuvu la baba wa mtu lipigwe picha na kutandazwa mtandaoni mbele ya kila mpita njia kabla ya ukoo kuulizwa. Uwazi ni kwa orodha na majina. Picha za marehemu zingoje ruhusa ya wenyewe.

Yapo mambo manne ambayo tunaona yanatekelezeka. La kwanza, kila mkataba wa ushirikiano baina ya makumbusho zetu na za nje uwe na sharti kwamba kumbukumbu za vitu vya Tanzania zitolewe kwa Kiswahili, na majina ya vitu yaandikwe kwa lugha za wenyewe: Kingoni, Kimatengo, Kinyasa, Kimanda. Kiswahili si lugha ya kuombewa nafasi. Tangu mwaka 2022 kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO.

La pili, makumbusho iende kwa wananchi. Wenye umri mkubwa wanalikumbuka gari la sinema la Serikali, lililofika vijijini miaka ya mwanzo ya Uhuru, shuka nyeupe likatundikwa na kijiji kizima kikakaa chini kutazama. Mwambao wetu una barabara ya lami kutoka Mbinga na una meli ya MV Mbeya II. Sanduku moja lenye kompyuta, projekta na kinasa sauti linaweza kufika Songea, likashuka Mbamba Bay, likaenda hadi Lituhi. Pale mtandao ulipo dhaifu, picha zihifadhiwe katika kadi ya kumbukumbu na ziachwe shuleni.

La tatu, sanduku hilo lisije kuonyesha tu, lije pia kusikiliza. Kila picha ionyeshwe kwa wazee, sauti zao zinaswe kwa ridhaa yao, majina yao yaandikwe kama waandishi wengine wanavyoandikwa, na maelezo hayo yapelekwe Songea, Dar es Salaam na Berlin kusahihisha yaliyopinduliwa. Shule zetu za sekondari zina vijana wa kuifanya kazi hiyo. Ofisa utamaduni wa wilaya hahitaji kungoja mfadhili ili amtume mwanafunzi na simu yake kwa babu yake.

La nne, na ndilo zito, picha isikubaliwe kuwa fidia. Tumeanza kusikia, kwa sauti ya chini na ya adabu, hoja kwamba maadamu sasa kila kitu kinaonekana mtandaoni, hakuna haja ya kusumbuka kukirudisha. Hoja hiyo tuikatae mapema. Yule mjusi mkubwa wa kale aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa jasho na mabega ya watu wa kusini, amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watazamaji wamewekewa mitambo inayomvisha nyama na ngozi mbele ya macho yao. Mtoto wa Lindi akimwona simuni, amefaidi kwa kiasi fulani. Lakini kiingilio kinalipwa Berlin, watafiti wanakwenda Berlin, na ajira iko Berlin.

Tulipoagana na yule mzee jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya ng'ambo, na mitumbwi ilikuwa inasukumwa majini kwa uvuvi wa usiku. Kijana alikuwa amekaa chini karibu yake, simu mkononi, akimwuliza jina la ile kamba isiyooza. Mzee alilitaja mara mbili, polepole, ili kinasa sauti kilipate. Halafu akatugeukia sisi, akauliza swali ambalo tunalipeleka kwa wakubwa wetu kama lilivyo: "Na mgono wenyewe wataurudisha lini? Maana picha yake haivui samaki."