Mpira mpana wa kinga: soma namba mbili mbele ya kulipa

Katika miji yetu ya migodi kinga ni mtumishi wa jamaa. Inabeba makala, bunga, magunia ya mawe toka shimoni, hata mtoto mgonjwa wa kupeleka hospitali. Lakini njia yake si moja. Asubuhi inapita katika mchanga na mawe ya kijiji, kiisha inapanda gudroni, na wakati wa mvua inarudi nyumbani katika matope. Kwa hiyo wengi wanauliza: je, tutie mipira mipana? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini kuna jambo la kujua kwanza, na mdogo wangu alilijua akiwa amekwisha kuvunjika mkono.

YALIYOMPATA MDOGO WANGU

Yeye anatoa makala vijijini, upande wa barabara ya Likasi, na kuyauzisha Lubumbashi. Kinga yake ilikuwa na mipira ya upana wa milimita 32. Kwenye gudroni ilikimbia vizuri. Katika mchanga ilizama kama kisu, naye alishuka na kusukuma. Basi akaamua kutia mpira mpana zaidi nyuma, pale penye mzigo.

Sokoni akaona mpira mnene ulioandikwa 28 x 1 1/2. Ule wake wa zamani pia ulikuwa na 28. Muuzishaji akamwambia: "Chukua tu, mukubwa, yote iko 28." Akalipa.

Nyumbani mpira uliingia katika janti kwa mikono mitupu, bila chuma cha kuusukumia. Alifurahi sana. Siku ya tatu, kwenye mteremko, na magunia mawili nyuma, mpira ukaruka nje ya janti, na mpira wa ndani ukapasuka kama bunduki. Mkono ulivunjika. Wiki sita hakufanya kazi. Mke wake aliuzisha mashine yake ya kushona ili watoto wasifukuzwe masomoni.

NAMBA INAYOSEMA KWELI

Tulipeleka kinga kwa fundi mmoja mzee. Hakushangaa.

"Iliingia mbio, hapana?" akauliza.

"Njo vile, baba," mdogo wangu akajibu. "Mi nilizani ni bahati."

"Haina bahati. Mupira yenye kuingia bila kukatala, iko kubwa kwa janti. Weye uliangalia upana tu."

Akafuta vumbi ubavuni mwa mpira na kutuonyesha maandishi madogo: 40-635. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Namba ya pili ni kipimo cha mahali mpira unapokaa katika janti, toka upande hata upande. Janti ya mdogo wangu ni 622. Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13, na kwa sababu ya milimita hizo alianguka.

Angalieni jinsi ile 28 inavyodanganya. Mpira wa 28 x 1 1/2, wa zile kinga nzito za wazee zenye freni za vyuma, ni 40-635. Mpira wa 28 x 1.75 ni 47-622. Na ukiona 700 x 28C, pale 28 ni upana tu! Vilevile kwa 26: mpira wa 26 x 1 3/8 ni 37-590, lakini 26 x 1.95 ni 50-559. Basi namba ya pili haibadilishwi hata kidogo. Ya kwanza ndiyo unayoweza kuchagua.

KWA NINI MPANA UNASAIDIA

Mpira mwembamba unahitaji upepo mwingi, nao unakuwa mgumu. Ukikutana na jiwe, unainua kinga yote pamoja na mzigo, na nguvu ya miguu yako inapotea katika kuruka. Mpira mpana wenye upepo wa kiasi unalimeza jiwe na kuendelea. Katika mchanga unakaa juu. Tena janti na waya zake hazipigwi sana.

Wengine wanasema mpira mpana ni mzito kwenye gudroni. Mara nyingi kinachochosha si upana, ni meno makubwa. Meno yanashika udongo laini, lakini kwenye gudroni yanalia na kula nguvu. Hata mvua ikinyesha, gudroni haihitaji meno: kinga si motokari, mpira wake unakata maji wenyewe. Kwa njia ya mchanganyiko, chagua mpira ulio laini katikati na wenye meno madogo pembeni.

NAFASI YA KIDOLE

Upana una mpaka wake. Tia gurudumu mahali pake na uangalie uma wa mbele, vyuma vya nyuma karibu na mnyororo, na kifuniko cha matope. Kila upande pawe na nafasi ya milimita 6 au zaidi, karibu nusu ya upana wa kidole kidogo. Udongo wetu mwekundu ukilowa unashikamana na mpira. Pasipo nafasi, gurudumu linakwama kabisa. Tena janti nyembamba isibebeshwe mpira mpana kupita kiasi, maana utayumba kwenye kona.

UPEPO

Mpira wa milimita 42, kwa mtu asiye na mzigo mkubwa, unatosheka na karibu bar 3. Nyuma tia zaidi kidogo, na ukibeba gunia ongeza, lakini usipite namba iliyoandikwa ubavuni. Ukikuta mpira wa ndani umetoboka matundu mawili yanayokaa sambamba, usilaumu msumari: upepo ulikuwa kidogo, na janti iliubana juu ya jiwe.

Na kama feza inatosha mpira mmoja tu? Tia mpya mbele, na ule wa mbele, kama ungali mzima, upeleke nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza, pengine utajishika. La mbele likiteleza, umeanguka.

Leo mdogo wangu anapita na 42-622, mbele na nyuma. Katika mchanga anashuka mara chache. Mashine ya kushona haijarudi bado. Wanaiwekea akiba kidogo kidogo.

Baba, mama, nanyi vijana: jioni hii pindueni kinga, futeni vumbi ubavuni mwa mpira, mwandike zile namba mbili kwenye kikaratasi. Siku ya kwenda sokoni, kikaratasi hicho kiwe mfukoni pamoja na feza. Muuzishaji akisema "yote ni moja," mwonyeshe.