Kubadili Ufunguo wa Kamusi bila Kupoteza Hesabu

Mtunga programu anaposema kamusi, ana maana ya orodha mbili zinazokwenda sambamba: ya funguo, yaani majina ya kutafutia, na ya thamani zinazopatikana kwa majina hayo. Daftari lenye majina ya mitaa upande wa kushoto na idadi ya watu upande wa kulia ni kamusi ya aina hii.

Lugha za safu hushughulikia orodha nzima kwa mkupuo mmoja. Ukoo wake unaanzia kwa APL ya Kenneth Iverson wa Kanada, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1962. Mmoja wa wajukuu wa APL ni lugha ya q, iliyotungwa na Arthur Whitney na kutolewa mwaka 2003, inayotumika sana kwenye mabenki na masoko ya hisa. Ndani yake, sensa ya 2019 ya kaunti ndogo tatu za Kaunti ya Isiolo nchini Kenya huandikwa hivi:

d:`Isiolo`Garbatulla`Merti!121066 99730 47206

Kialama cha mshazari (`) hutangulia kila jina. Alama ya mshangao huoanisha funguo na thamani. Amri ya sum d hutoa 268002, idadi ya watu wa kaunti nzima.

Tatizo huja na tahajia. Jina lilelile huandikwa Garbatulla mahali pamoja na Garba Tula mahali pengine. Mkazi wa Isiolo hababaiki, lakini kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi. Ikiulizwa GarbaTula, q hairipoti kosa lolote. Hurudisha 0N, alama ya pengo, na kazi ikaendelea. Ukimya huo ni hatari kuliko kosa linalosimamisha programu, kwa sababu kaunti ndogo yenye watu karibu laki moja inaweza kukosekana kwenye ripoti na asitokee wa kushtuka.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuandika d[`GarbaTula]:99730. Hilo halibadilishi jina. Linaongeza ufunguo wa nne huku wa zamani ukibaki, na jumla inaruka hadi 367732. Kufuta kwanza jina la zamani kunarekebisha jumla, ila jina jipya linakwenda mkiani, nyuma ya Merti. Kamusi za q hutunza mpangilio, hivyo orodha nyingine iliyopangwa kufuata ule wa awali haitaoana nayo tena.

Njia salama ni kuzigusa funguo peke yake. Kwanza hutengenezwa kamusi ndogo ya majina, la zamani likielekeza kwenye jipya:

m:(enlist`Garbatulla)!enlist`GarbaTula

Neno enlist hugeuza jina moja kuwa orodha, maana kamusi hii hutaka orodha pande zote mbili. Kisha:

d:((key d)^m key d)!value d

Ndani ya mabano, q husoma kutoka kulia. Funguo zote hupitishwa kwenye m kwa mara moja. Zisizomo hutoka tupu. Alama ya ^ hujaza mapengo kwa majina ya awali. Mwishoni orodha hiyo huoanishwa upya na thamani zilezile. Hata majina mengine yakihitaji kusahihishwa, kinachorefuka ni m tu.

Kuna mtego mmoja. Lugha ya q haizuii funguo mbili kufanana. Iwapo Merti pia itaelekezwa kimakosa kwa GarbaTula, jumla itabaki sahihi, lakini anayetafuta jina hilo ataonyeshwa 99730, ya kwanza, na watu 47,206 wa Merti hawataonekana kwa jina lolote. Kwa hiyo jumla peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ni lazima pia kuhesabu majina yasiyojirudia kwa count distinct key d. Kwa kamusi hii, majibu sahihi ni 268002 na 3.