Mvumo wa Masikioni: Chanzo Chake na Njia za Kuutuliza

Mvumo wa masikioni, ambao madaktari huuita tinitasi, ni sauti anayoisikia mtu ilhali hakuna chochote kinachotoa sauti hiyo nje ya mwili wake. Kwa mmoja huwa mlio mwembamba usiokatika, kwa mwingine mvumo mzito, mluzi au mngurumo. Hutokea katika sikio moja, yote mawili, au huhisika katikati ya kichwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamewahi kuupata, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao umekuwa tatizo kubwa maishani.

Mara nyingi chanzo huanzia katika sikio la ndani, ndani ya koklea, mfereji mdogo uliojizungusha kama kombe la konokono. Humo mna maelfu ya seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Kelele kali, uzee na baadhi ya dawa huziua, na ubongo ukianza kupokea ishara pungufu, huongeza usikivu wake ili kufidia pengo. Wanasayansi wengi wanaamini kuwa kuongezeka huko ndiko kunakosikika kama mvumo. Kwa hiyo sauti si ya kufikirika wala si dalili ya wazimu. Ni kazi halisi ya neva.

Sababu nyingine ni nyepesi zaidi: nta iliyoziba tundu la sikio, au maambukizi ya sikio la kati. Dawa nazo zimo. Kwinini, iliyotibu malaria kwa vizazi vingi Afrika Mashariki, inajulikana kwa kuvumisha masikio, na aspirini ikinywewa kwa wingi hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida hali hiyo hupoa dawa ikiachwa. Lakini gentamaisini, ambayo ni antibiotiki, na sisplatini, dawa ya saratani, huweza kuacha madhara ya kudumu.

Jiji la Stockholm, nchini Uswidi, lina nafasi ya pekee katika elimu ya usikivu. Georg von Békésy, mwanafizikia kutoka Hungaria, alifanya kazi huko kuanzia mwaka 1946, akabuni kipimo cha usikivu ambacho mgonjwa mwenyewe hukiendesha kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza jinsi koklea inavyofanya kazi. Katika chuo cha tiba cha Karolinska Institutet, watafiti walichunguza jozi zaidi ya 10,000 za mapacha wa Uswidi na mwaka 2017 wakaonyesha kuwa mvumo wa masikio yote mawili una mzizi wa kurithi, hasa kwa wanaume. Mwaka 2022, timu ya Christopher Cederroth wa chuo hicho ilipima shughuli za umeme katika shina la ubongo, ikabaini kuwa wenye mvumo wa kudumu wana mabadiliko ambayo hayaonekani kwa wale wanaousikia mara mojamoja. Matokeo hayo yana uzito mkubwa, kwani kwa muda mrefu mgonjwa hakuwa na ushahidi mwingine zaidi ya maneno yake.

Mkazi wa Stockholm mwenye tatizo hili huanzia kituo cha afya cha mtaani, au hupiga simu ya ushauri wa afya, namba 1177. Asiyejimudu vizuri katika Kiswidi aombe mkalimani mapema, wakati wa kupanga miadi. Daktari hutazama sikio, huuliza kuhusu dawa na kelele, kisha humpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa usikivu. Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: kupoteza usikivu ghafla, jambo linalohitaji matibabu ndani ya siku chache, mvumo unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, mvumo wa upande mmoja tu, au unaoambatana na kizunguzungu kikali au uso kupooza.

Kama chanzo ni nta au maambukizi, tiba yake mara nyingi huuondoa mvumo pia. Kwa mvumo wa kudumu, hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta, na virutubisho vinavyouzwa kwa ahadi hiyo havijathibitika. Hata hivyo, mateso yake hupungua. Mwenye upungufu wa usikivu hupewa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwani sauti za nje zikirudi, mvumo hupoteza nguvu. Usiku, redio ya sauti ya chini au sauti ya maji husaidia kulala, maana ukimya huukuza mvumo.

Tiba yenye ushahidi imara zaidi ni ya kisaikolojia, inayobadili fikra na mazoea ya mgonjwa. Hofu huufanya ubongo uuchukulie mvumo kama hatari na kuufuatilia bila kukoma. Hofu ikitulizwa, ubongo huacha kuujali. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 28, yalionyesha kuwa tiba hii hupunguza athari za mvumo katika maisha ya mgonjwa, ingawa sauti yenyewe inaweza kubaki. Uswidi ilitangulia kuitoa kupitia intaneti: Gerhard Andersson na wenzake walichapisha jaribio lao la kwanza mwaka 2002. Mbinu mpya zaidi, inayounganisha sauti na msisimko mdogo wa umeme kwenye ulimi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Kinga bado ndiyo tiba bora kwa masikio ambayo hayajaharibika. Kelele ya desibeli 85 huvumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Mamlaka ya afya ya umma ya Uswidi imependekeza wastani usiozidi desibeli 100 katika kumbi za muziki, na 97 pale wanaporuhusiwa watoto walio chini ya miaka 13. Fundi wa mashine, mpiga ngoma na kijana wa spika za masikioni wote wanahitaji mambo yaleyale: kupunguza sauti, kuvaa vizibo na kuyapa masikio muda wa kupumzika.