Somo: Safari ya Liuli

Leo tutoke darasani. Twende Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, turudi jioni.

Mkitoka Mbinga, ondokeni alfajiri. Barabara inashuka kutoka milima ya Wamatengo mpaka Mbamba Bay. Kutoka hapo mnaelekea kaskazini. Chukueni maji, chakula, na daftari.

Mkifika, tazameni lile jiwe kubwa lililo majini. Wajerumani waliliona limefanana na Sphinx, ile sanamu ya mawe ya Misri. Kwa hiyo wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx.

Hapo palikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Tarehe 13 Agosti 1914 ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani alistaajabu, maana nahodha yule Mwingereza alikuwa rafiki yake. Vita Kuu ilikwisha kuanza. Mwingereza alikuwa na habari. Mjerumani habari hazijamfikia. Basi akakamatwa, na meli yake ikaharibiwa.

Ndugu, asiyepata habari hushikwa hajajiandaa. Kwa hiyo jifunzeni kusoma. Tangazo la bei ya kahawa likibandikwa, lisome mwenyewe, usingoje kusomewa.

Maswali
1. Kwa nini Liuli iliitwa Sphinxhafen?
2. Nahodha yupi hakuwa na habari za vita?
3. Andika sentensi mbili: habari gani iliwahi kukupita kwa kutojua kusoma?